Sonara Aliyejibu Alichoulizwa

Dukani kwa Sonara watu walipangusa miguu wakitoka, si wakiingia. Mlangoni, kwa ndani, alitandika kipande cha gunia kilichokunjwa mara mbili, na hakuna mtu, awe bibi wa heshima au mtoto wa chuo, aliyevuka kizingiti kabla ya kusugua nyayo zake hapo. Sababu ilikuwa vumbi. Ndani ya vumbi la duka lake mlikuwa na chembe za fedha na dhahabu zilizoruka chini ya tupa, na Sonara hakutaka zitoke zikatembee mitaa ya Mkunazini, hapa Unguja, bure. Kila baada ya miezi alilichoma lile gunia, akaosha majivu yake, akapata kitu kama punje ya mchele.

"Hii ni miguu yenu," alituonesha siku moja mimi na mdogo wangu Haji. "Miguu yenu imenilipa."

Sitasema alizaliwa wapi wala watu wake ni nani. Sikupata kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusema asichoulizwa. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika. Naliandika katika daftari la skuli, kwa herufi za Kizungu, kwa sababu Bibi yangu anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, zile za chuo cha Kurani, na hizi kwake ni kama kuku amepita.

Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi upande mmoja, kidole gumba cha kushoto kimekuwa kigumu kwa kuungua. Duka lilikuwa chumba kimoja cha uchochoroni, chini ya nyumba ya ghorofa. Ndani mlikuwa na meza ya chini, jiko la makaa, mrija wa kupulizia moto, na mizani ndogo ya shaba aliyoiweka ndani ya kisanduku cha kioo ili upepo usiiguse. Paka wake aliitwa Tola, kwa jina la kipimo, kwa sababu alipookotwa alikuwa mwepesi mno hata Sonara alisema atampima kwa mizani ya dhahabu.

Sisi tulikaa Mlandege, nyumbani kwa Bibi. Mama alikwisha kufariki, na baba alikuwa Tanga kwa mke mwengine. Kipini cha puani cha Bibi kikikatika au pete ikilegea, alinituma mimi kwa Sonara, na mimi nilimchukua Haji. Mwalimu wangu wa skuli aliwahi kuandika katika ripoti yangu maneno mawili tu: "Hasikiki darasani." Haji alisikika kila mahali.

"Leo umekuja na mdomo wako?" Sonara aliniuliza kila tulipoingia.

"Mdomo wake ndio huu hapa," Haji akajibu. "Shikamoo. Bibi anasema kipini kimekatika tena, na anasema safari hii ukiunganishe kweli."

"Marahaba. Mwambie Bibi asilale nacho."

Kwa mambo ya nje Sonara alisema mno. Alisema habari za papa aliyeoza sokoni, za mvua iliyomkosa, za jirani wa juu anayemwaga maji dirishani bila kutazama chini. Aliweza kueleza safari ya paka wake kutoka paa hili hadi paa lile kwa muda wa kuchemsha chai. Lakini ukimwekea mali yako juu ya meza, hapo alikaa mtu mwengine. Alivuta miwani, akanyamaza, kisha akauliza, "Umeniuliza nini?"

Ukisema uzito, alikwambia uzito. Ukisema ni safi au si safi, aliisugua juu ya jiwe lake jeusi akakwambia safi au si safi. Hakuongeza neno. Watu wa kwetu wakenda kwa sonara huuliza uzito, basi, kwa hivyo wengi waliondoka wameridhika, wakasema hapana mtu mkweli kama yule. Ni kweli. Sijapata kusikia kwamba alimdanganya mtu hata kwa chembe.

Siku moja ya mvua tulikwama dukani kwake, na Haji, ambaye hakuwa na breki, alimuuliza kwa nini yuko hivyo.

"Nilikuwa kijana," Sonara alisema. "Alikuja mwanamke na mkufu, akataka nimuunganishie kifungo. Kifungo tu. Nikauona ni shaba iliyopakwa. Nikajiona hodari, nikamwambia. Kumbe mkufu ule ndio mahari yake." Akapuliza makaa kidogo. "Aliondoka hapa moja kwa moja akenda kwao. Watoto wawili walibaki kwa baba yao. Mmoja hupita hapa mpaka leo, hanipi salamu."

"Sasa akija tena utafanyaje?"

"Nitaunganisha kifungo."

Nakumbuka pia miezi iliyofuata Mapinduzi, ingawa nilikuwa mdogo. Wanawake walileta vikuku vyao kwa Sonara ndani ya vikapu, chini ya mchicha. Wengine walikuwa wanaondoka, wengine walikuwa wanabaki na hawana cha kupika. Bibi naye aliuza vyake vyote wakati ule, akabaki na kipini. Kisha walikuja watu wawili wa serikali mpya dukani, wakauliza, "Una dhahabu kiasi gani humu?" Sonara akawapimia mpaka chembe ya mwisho, akawaandikia kwa mkono wake. Hawakumuuliza imetoka kwa nani. Hakuwaambia. Mtaa mzima ulilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, na Bibi alikuwa akisema, "Yule ana kifua." Nami nilimpenda kwa sababu hiyo. Nilidhani kimya chake na changu ni ndugu.

Alikuwa bahili wa vumbi lakini si bahili wa muda. Haji alipokuwa na miaka mitano macho yake yalianza kufanya ukungu mweupe, mtoto wa jicho, yote mawili. Alipofika sita alikuwa akinishika nguo njiani. Sonara hakusema pole wala hakumshika kichwa kama watu wengine. Alimkalisha chini akamfundisha kusikia fedha. Aliidondosha sarafu juu ya jiwe, ikalia, naye akauliza, "Hii nini?"

"Shilingi."

"Na hii?"

"Rupia. Lakini imepasuka."

"Imepasuka wapi?"

"Ukingoni."

"Jicho linapenda rangi," Sonara alimwambia, "sikio halipendi kitu." Halafu akanigeukia mimi. "Huyu atakuwa sonara asiyehitaji taa." Alisema kwa furaha. Mimi nilimchukia kidogo siku ile, nikafurahi kidogo pia, kwa sababu hakuna mtu mwengine aliyekuwa akisema Haji atakuwa kitu.

Sarafu iliyolia sana dukani humo ilikuwa riale ya mama. Hakuna nyumba ya mjini isiyoijua: ile yenye yule mwanamke wa Kizungu mwenye kifua kikubwa, na nyuma yake ndege. Watu waliileta kila wiki, wameikuta ndani ya mto au chini ya ngazi, wamesoma mwaka wa 1780, wameshaanza kuota nyumba ya mawe. Sonara alichoka nayo. "Mwaka huo hauna maana," alikuwa akisema, na hili alilisema hata bila kuulizwa, kwa kuwa halikuwa siri ya mtu. "Waliendelea kuupiga huo huo. Hii ya 1780 huenda ni rika la baba yako."

Siku moja nilikwenda peke yangu, Haji ana homa. Nikamkuta Mzungu ameinama ndani ya duka, mmoja wa wahandisi waliokuja kujenga majumba mapya ya Ng'ambo. Alikuwa na karatasi aliyochora sarafu kwa kalamu ya risasi. Sonara akamletea riale ya mama. Mzungu akatikisa kichwa.

"Si mama," alisema kwa Kiswahili chake. "Kiarabu. Kiarabu huku, Kiarabu huku."

"Sina. Nimeyeyusha nyingi, zamani."

Mzungu akaandika namba kwenye ile karatasi, akaiacha juu ya meza, akapangusa miguu kama alivyoambiwa, akatoka. Sonara alibaki akiitazama ile namba. Kisha akanambia mimi, ambaye sikuwa nimemuuliza kitu:

"Anatafuta riale iliyopigwa kwa jina la mfalme wa hapa hapa. Zililetwa chache, sokoni hazikupendwa, watu walishazoea ile ya mama. Nyingi zimekwenda motoni. Kwa moja tu anatoa mshahara wa mwalimu wa miezi mitatu." Akacheka bila sauti. "Mimi nimetengeneza vikuku kwa mishahara ya walimu."

Nilirudi nyumbani nikaliandika hilo katika daftari langu la wakati ule. Mistari miwili. Daftari ninalo bado, na mistari ipo.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Daktari wa hospitali alimwambia Bibi kwamba macho ya Haji yanaweza kupasuliwa, lakini Dar es Salaam, na mtoto akae huko na mtu wake kama wiki sita. Akasema ifanywe kabla hajafika miaka minane, kwa sababu jicho la mtoto lisipotumiwa husahau kazi yake. Haji alikuwa na saba na kidogo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akarudi nyumbani akakaa juu ya mkeka bila kuvua buibui. Nauli, chakula cha wiki sita, mahali pa kulala: vyote hivyo havikuwepo, na baba hakujibu barua. Kilichokuwepo ni mwalimu wetu wa chuo, mzee mwema, aliyemwandikia Haji hirizi bila kutaka kitu. Alitoa sharti moja tu. Hirizi itiwe ndani ya kibweta cha fedha, na fedha yenyewe iwe ya nyumba, isiyonunuliwa wala kuombwa.

Bibi aliingia chumbani akafunga mlango. Tulisikia sanduku lake la zamani likivutwa, lile lenye droo ya siri. Alipotoka alikuwa amefunga kitu katika pindo la kanga.

"Nimepata riale," alisema. "Vaeni, twendeni."

Nikadhani ni riale ya mama, ile ya kila nyumba. Kila mtu angedhani hivyo.

Dukani Bibi alikaa kwenye kibao, Haji akakaa chini karibu na paka, mimi nikasimama nyuma. Bibi akafungua pindo, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa nyeusi kwa kukaa. Kiarabu upande wa juu. Sonara aliigeuza kwa ncha ya ukucha. Kiarabu upande wa chini. Aliidondosha juu ya jiwe.

"Hiyo siijui," Haji akasema.

"Hii hujapata kuisikia," Sonara akamjibu, na akanitazama mimi. Si Haji, si Bibi. Mimi. Kisha akavuta miwani. "Umeniuliza nini, Bi Mkubwa?"

"Nnakuuliza, ni safi?"

Akaisugua. "Safi."

"Yatosha kibweta cha hirizi ya mtoto?"

"Yatosha, na itabaki."

"Itakayobaki ujira wako. Lakini uiyeyushe hapa hapa, niione kwa macho yangu. Sitaki ibadilishwe na nyengine." Bibi akapunguza sauti. "Na lile jina nalo litoke. Siku hizi si jina la kukaa nalo ndani."

Sonara hakuugusa mrija. Akasema neno ambalo sijapata kumsikia akimwambia mtu: "Hakuna jengine unalotaka kuniuliza?" Alimwambia Bibi, lakini macho yake bado yalikuwa kwangu.

"Nikuulize nini tena? Washa moto, Sonara, mchana unaondoka."

"Bibi," nikasema.

Akageuka. Wote waligeuka, hata Haji alielekeza uso wake. "Nini?"

Nilikuwa nayo mdomoni. Niliwaza Bibi ataniuliza umejuaje, na nimekaa vipi na wanaume dukani nikisikiliza habari zao. Niliwaza kama nimekosea, kama ni nyengine, nimemuaibisha mbele ya mtu.

"Nini, mwanangu? Wataka maji?"

"Ee," nikasema.

Sonara akainuka mwenyewe, akateka maji mtungini kwa bilauri ya shaba, akanipa. Nikanywa.

Nimejidanganya mara nyingi kwamba muda haukuwepo. Ulikuwepo. Makaa yalichukua muda kukolea. Alipuliza, akapumzika, akapuliza. Maandishi yalikaa juu ya ile riale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Imekuwaje sasa?" Haji akauliza.

"Imekuwa nyekundu," nikamwambia.

"Na sasa?"

"Inalegea ukingoni. Maandishi yanazama. Sasa imekuwa maji, inazunguka kama jicho la samaki."

Kwa hilo nilikuwa na sauti. Nilimweleza mpaka mwisho, vizuri, na Bibi alinishika bega akafurahi kwamba leo nazungumza. Tulipotoka, sote tulipangusa miguu.

Haji alivaa hirizi. Bibi kila asubuhi alimsimamisha mlangoni akamuuliza anaona vidole vingapi, na Haji, ambaye alimpenda, alijifunza kukisia. Alipofika miaka tisa baba alileta nauli hatimaye, na Bibi akenda naye Dar es Salaam. Daktari wa huko alipasua, akafungua bendeji, akasubiri. Haji anaona mwangaza wa dirisha na kivuli cha mtu. Daktari alisema angeletwa mapema. Bibi aliporudi aliniambia hayo, kisha akasema, "Tungekuwa nacho tungempeleka mapema," akaenda kuchambua mchele.

Bibi hajui mpaka leo.

Mwaka huu nimo kidato cha tatu, na nilisikia kwamba Sonara anaondoka, anahamia Mombasa kwa binti yake. Nikaenda peke yangu. Chumba kilikuwa kitupu. Meza imekwishauzwa, jiko limezimwa, paka hayupo. Mizani tu ilikuwa bado dirishani, kisanduku chake kimefungwa kamba. Sonara alikaa juu ya sanduku la mbao, amekuwa mdogo zaidi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hukuja na mdomo wako."

"Nimekuja na suala."

"Uliza."

"Ile riale ya Bibi. Ilikuwa ndiyo ile ya Mzungu?"

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Kabla sijaidondosha."

"Na Mzungu alikuwa bado yupo Unguja?"

"Alikuwepo mpaka Ramadhani iliyofuata. Alipita hapa mara mbili tena, kuuliza."

Nilikuwa nimejitayarisha miaka minne kwa jibu la suala lililobaki. Nilijua atasema Bibi hakumuuliza, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia baada ya hapo, maneno mabaya, nimeyaandika katika daftari na kuyasahihisha.

"Kwa nini hukumwambia Bibi?"

Sonara alivua miwani. Bila miwani alikuwa na uso wa mtu nisiyemjua.

"Mimi nilishasema," alisema. "Nilikwambia wewe."

Akaipangusa miwani kwa ncha ya shati.

"Mlipoingia na bibi yako, nilidhani umemleta kwa sababu hiyo. Nikangoja useme. Moto siku ile niliupuliza polepole, hukuona? Fedha ile ningeiyeyusha kwa robo ya muda ule."

Nilitaka kumwambia yeye alikuwa mtu mzima na mimi mtoto wa miaka kumi na tatu. Kwamba mdomo alikuwa nao, tena mkubwa, wa kueleza safari za paka. Kwamba alimpenda Haji. Maneno niliyoyasahihisha yote yalikuwa ya jibu jengine.

"Haji anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Mimi naondoka kesho kutwa. Basi atakuuliza wewe."

Akainuka. Mtungi ulikuwa bado upo pembeni, haukupata mnunuzi. Akateka maji, akanipa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni, na mimi nikanywa yote nimesimama. Mlangoni gunia halikuwepo. Alikuwa ameshalichoma la mwisho. Nikasugua nyayo juu ya sakafu tupu, kwa mazoea, nikatoka.

Haji alikuwa barazani nyumbani, kidole chake juu ya hirizi, anaigonga kwa ukucha na kuisikiliza kama afanyavyo akiwa peke yake. Alinijua kwa hatua.

"Unanuka makaa," akasema. "Ulikwenda kwa Sonara. Umefanya nini huko?"

"Nimekunywa maji," nikasema.